Umi Hasukumi

Haya yalimkuta rafiki yangu Umi, fundi wa Kiranjeranje, mwanamke asiyetishika. Pikipiki ya magurudumu manne ya shamba la korosho ilikuwa imekata mikanda mitatu ya injini, yote kwenye kilima cha makaburi ya kale, ambako wenyeji huzima injini na kusukuma kwa heshima.

“Mimi sisukumi,” alisema Umi. “Mkanda hukatwa na puli mbovu, si na maiti.”

Akabadilisha puli, akafunga mkanda wa nne, akakipanda kilima injini ikinguruma. Katikati ya giza la mikorosho, paa! Ukakatika. Injini ikanyamaza, na ndege nao.

“Kateni hata wa kumi, sisukumi!” akafoka, akaachia breki ateremke zake.

Pikipiki haikuteremka. Nyuma yake watu wengi wakaanza kuhema, na pikipiki ikaanza kupanda, taratibu, kwa heshima.