Jiwe la Dirishani

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tatu Juni, saa nne asubuhi, pale mke wa Shubiri alipokata roho amemshika mumewe mkono.

Miaka mingi mama yule alifanya kazi kiwanda cha ngozi. Kazi yake ilikuwa kupaka ngozi mbichi chokaa na unga mwekundu ili manyoya yang'oke. Yaling'oka kweli. Kisha zikang'oka nywele zake, zikafuata kucha. Wakubwa wa kiwanda wakasema ni tumbo tu. Wakaleta shada la maua, wakapiga nalo picha, wakapanda magari yao.

Shubiri hakulia. Wenzake wa Idara ya Ujasusi walimpa jina hilo kwa ukali wa ulimi wake. Baada ya msiba, ulimi ukanyamaza. Uchungu ukabaki.

Mwezi mmoja baadaye simu ilitetemeka.

"Chai ina sukari?"

"Ina mchanga, Mkuu."

"Njoo."

Mkuu wa Idara aliketi kajaa kitini, jua mgongoni. Dirishani nyuma yake palikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi, limejaa vumbi la njano.

"Jiwe gani hilo, mzee?"

"Zawadi. Lilikuja jekundu kama damu, sasa linanyauka kama ua. Achana nalo. Kuna ghala nyuma ya reli, mawe ya magendo. Kamata mzigo. Watu waache."

"Kwa nini niwaache?"

"Kwa sababu nimesema."

Shubiri alimeza hasira. Ilishuka kama mwiba wa samaki.

Adhuhuri, pikipiki yake ya Yamaha ilizimwa hatua chache kutoka ghalani. Bastola aina ya Glock kiunoni. Kifungo cha shati lake kilikuwa kinasa sauti.

Alinusa.

Kitunguu saumu. Na hapakuwa na jiko.

Alikumbuka harufu ile. Ilikuwa kwenye nguo za mkewe, siku tanuri la kiwanda lilipowashwa.

Mlinzi alifungua mdomo aulize. Alijibiwa kwa kiwiko.

Ndani, mbele ya kabati refu la droo, alisimama mwenye ghala, mnene, miwani puani. Mjini walimwita Bwana Kabati. Aliona bastola, akainua mikono taratibu.

"Kijana, tutaelewana. Unapenda mawe?"

"Fungua droo."

Droo ilifunguka. Fuwele nyekundu zilimeta kama makaa.

"Realga, jiwe lenye aseniki," Bwana Kabati alisema kwa mahaba. "Waarabu wa kale waliliita unga wa pangoni. Wazungu wakalitamka walivyoweza, jina likapinda. Laini, ukucha unalikwaruza. Wachoraji walipata rangi, mafundi wa fataki wakapata moto, wenye panya wakapata sumu."

"Na wenye viwanda vya ngozi wakapata vibarua wa kuzika."

Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni mwa Shubiri. Alikuwa Spana, fundi magari wa Idara, aliyekuwa akilifuata lori lililotoka ghalani.

"Kaka, lori jeupe liko lango la tangi la maji ya mji. Limebeba mapipa. Harufu kama mchuzi wa kitunguu saumu."

"Lizuie, dada."

"Kwa kitu gani? Kwa maombi?"

"Kwa kichwa chako kigumu."

Shubiri aliikoki Glock. "Nani anataka mji unywe sumu?"

Jasho lilimtoka Bwana Kabati. "Mabwana zangu wa ng'ambo. Watu wakiugua, wakubwa wa hapa watauza mitambo ya maji kwa bei ya karanga. Wanunuzi wako tayari."

"Wakubwa gani?"

Bwana Kabati alianza kuifunga droo.

"Haya. Mbona mawe mazuri hivi umeyafungia gizani?"

Hapo mpenda mawe alijisahau. Akacheka. "Halipendi mwanga hili! Ukilianika linageuka vumbi la njano. Mwenye kulijua hulifungia. Hawa wajinga tunaowazawadia ndio huliweka dirishani."

Shubiri aliganda.

Dirishani.

Redio ikalia tena. "Lori limelala ubavu, dereva ana pingu. Land Cruiser ya Idara haina pua tena, usinidai."

"Maji?"

"Safi. Hata tone halikuingia."

Shubiri alimfunga Bwana Kabati pingu kwenye kabati lake mwenyewe, akachukua fuwele moja, akawasha Yamaha.

Ofisini, Mkuu alikuwa bado na jua mgongoni.

"Nilisema watu uwaache!"

Shubiri aliweka fuwele nyekundu dirishani, ubavuni mwa lile jiwe lililonyauka. Ndugu wa tumbo moja.

"Kiwanda cha ngozi kilikaguliwa na ofisi hii, mzee. Mkasema ni salama."

Mkuu aligusa tai yake. Kifungo cha shati kilikuwa kinasikiliza.

Shubiri aliuliza swali moja tu, polepole. Hakungoja jibu. Alivaa kofia ya pikipiki, akatoka, akauacha mlango wazi.

Mkuu alihamishiwa ofisi nyingine, yenye mapazia mazito. Tume mbili za uchunguzi zimekaa, zikanywa maji ya chupa, zikainuka. Zote zimesikiliza sauti ile iliyonaswa, na hakuna aliyeijibu:

"Siku uliyolipokea jiwe hili, mke wangu alikuwa bado mzima?"