Jogoo wa Meya

Bi Zulmira alimfunga jogoo miguu akamtia kapuni. Kila Jumatano saa tisa alasiri alikwenda darasani na daftari. Leo alibeba na jogoo.

"Huyo naye anaanza kusoma?" jirani yake, Deusdete, alimtania.

"Atakupita. Wewe hadi leo unashika kitabu juu chini."

Watu walicheka kidogo tu. Saa kumi msimamizi wa elimu angefika kutoka mjini kulifunga darasa la watu wazima. Zulmira alikuwa na miaka sitini, na alikuwa amefika nusu ya kitabu cha kwanza.

"Jogoo wa nini, mama?" aliuliza mwalimu Iracilda.

"Wa meya, msimamizi atampelekea. Darasa ni hisani yake. Tukimbembeleza, huenda akatuachia."

Ndivyo walivyozoea. Kisima kikichimbwa, meya alipelekewa kuku. Mtoto akichanjwa, kuku tena.

Mwalimu hakumkemea. Alitoa karatasi mbili.

"Hii ni nakala ya fomu ya mwaka 1986. Katiba mpya ya nchi ilikuwa inaandaliwa, na fomu ziliwekwa posta ili watu waseme wanachotaka. Nimeiomba kwenye hifadhi ya nyaraka. Msiniulize mimi. Iulizeni karatasi: nani kasema? Wa wapi? Alitaka nini?"

Deusdete alisoma, kidole kikifuata maneno. "Mwanamke. Miaka arobaini na moja. Hajasoma. Wa... hapa hapa kwetu! Anaomba shule kwa sisi... tuliokua bila shule."

Zulmira alisimama ghafla. "Karani wa posta, yule wa miwani! Nilifuata barua ya mume wangu, akaniuliza nataka nini, akaandika. Hayo maneno ni yangu!"

"Sasa linganisheni na hii. Katiba ya 1988, kifungu cha 208."

Zulmira alisoma mwenyewe, polepole. Elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure, hata kwa ambao hawakuipata katika umri wa shule.

"Waliandika kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako peke yako, mama. Maelfu walidai, wabunge wakabishana. Lakini na wewe ulisema."

Gari lilisimama nje. Msimamizi aliingia bila kuvua kofia.

"Hisani ya meya imekwisha. Tieni sahihi hapa kwamba mmekubali."

Deusdete alitazama sakafu. Kalamu ilipita mkono hadi mkono, ikamfikia Zulmira. Akaiweka chini.

"Sitii sahihi, bwana. Hii si hisani. Kifungu hiki hapa. Utasoma mwenyewe, au nikusomee?"

"Nani kakufundisha maneno hayo, bibi?"

"Nimesoma. Na shule hii niliiomba mwenyewe, ushahidi huu hapa. Kama mnaifunga, tuandikie sababu. Tutaipeleka kwa mwendesha mashtaka, yeye ndiye hulinda haki za raia."

"Na mimi sitii," alisema Deusdete. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Msimamizi alikunja karatasi yake isiyo na sahihi hata moja, akaondoka. Hakuandika sababu yoyote.

Jumatano iliyofuata mlango ulikuwa wazi. Iliyofuata pia.

"Jogoo yuko wapi?" Deusdete aliuliza.

"Nyumbani, na wake zake watatu," alisema Zulmira, akifunua ukurasa. "Geuza kitabu chako, tuendelee."