Mguu Mwekundu wa Limi

Kila asubuhi kabla ya masomo, Limi aliuzunguka uwanja wa shule akikimbia. Shule yao iko kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na hakuna mwenzake aliyewahi kumpita. Jumamosi alitakiwa kuiwakilisha wilaya kwenye mbio, na hakuwaza jambo lingine.

Wiki hiyo alikuja mchoraji kutoka mjini, Paskalia, kumchora Limi kwenye ukuta wa ofisi ya walimu. Picha zake hazifanani na za simu. Pua huweza kuwa ya kijani, naye haoni ajabu. Alimtazama Limi akikimbia, akichota maji, akisimama mstarini, kisha akachanganya rangi.

Picha ilipokamilika, wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Limi wa ukutani alikuwa na uso wa bluu. Mguu wake wa kulia ulikuwa mwembamba, lakini wa kushoto ulikuwa mnene kama kinu, tena mwekundu.

"Limi, kumbe una matende," Bujiku alimtania.

Limi hakucheka. Alivuta soksi yake juu.

Mwalimu Ngassa wa michezo aliuliza, "Dada Paskalia, mbona mguu huu uko hivi?"

"Akikimbia anajikaza, mwalimu. Akidhani hatazamwi, anauegemea wa kulia tu. Nimechora nilichokiona."

Mwalimu alimgeukia Limi. "Vua soksi."

Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Mwiba wa mgunga, uliomchoma akichunga ng'ombe, ulikuwa bado umo ndani ya unyayo, na usaha ulitoka.

"Niliogopa utaniondoa kwenye timu," Limi alisema huku akilia.

"Na kweli, Jumamosi hukimbii."

Mwalimu alimpakia kwenye pikipiki hadi zahanati. Muuguzi aliutoa mwiba, akasafisha kidonda, akamchoma sindano na kumpa dawa. Jumamosi mwanafunzi mwenzake, Rebeka, alikimbia badala yake, akawa wa nne. Limi alimshangilia, ingawa roho ilimuuma sana.

Limi alipopona, Paskalia alirudi na brashi yake.

"Shikamoo, dada," Limi alisema.

"Marahaba. Niupake mguu rangi nyingine?"

"Hapana. Uache hivyo hivyo."

Mwalimu Ngassa aliwakusanya wanafunzi mbele ya ukuta. "Mkiumia, semeni mapema," aliwaambia. "Nafasi ya timu ningekupa tena mwakani, Limi. Mguu ningekupa kutoka wapi?"

Limi aliinama, akafunga kamba za viatu, akaanza kuuzunguka uwanja.