Mistari Aliyoiruka Karani

Kila alasiri alipotoka shule, Karani alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akaketi kando ya cherehani ya mama yake kumsomea karatasi zilizoingia siku hiyo. Mama alikuwa fundi hodari wa nguo, lakini herufi zilimpiga chenga. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita binti huyo wa miaka kumi na miwili Karani.

Siku hiyo karatasi ilitoka kliniki. Mama, mjamzito wa miezi mitano, alikuwa amepigwa picha ya tumbo. Mpiga picha alimweleza kuwa majibu hutolewa na mkunga, na mkunga alikuwa ameshaondoka. Basi akampa bahasha aipeleke kesho yake.

"Haya, bibi karani, nipe habari za mdogo wako," mama alisema akicheka. "Amechukua masikio ya baba yako, maskini?"

Karani alisoma kimya. Mkono wa kushoto wa mtoto uliishia kwenye kiwiko. Nyayo zote mbili zilipinda kwa ndani. Mama aonane na mkunga kesho bila kukosa, ili apangiwe daktari bingwa wiki hii. Herufi zikaanza kucheza mbele ya macho yake.

"Mzima kabisa, mama. Wameandika usiende kesho, urudi mwezi ujao."

Mama alishusha pumzi, akakata kitambaa cha koti la mtoto. Kwa siku tatu Karani hakuwa na raha. Siku ya nne alimkuta mama akipachika mkono wa kushoto wa koti lile, huku akiimba taratibu. Uvumilivu ukamwishia, akaeleza yote.

Mama hakumgombeza. Miguu yake iliacha kukanyaga cherehani. Akaichukua bahasha, wakaondoka.

Mkunga, mama wa makamo mwenye miwani, hakuficha kitu. Mkono ule hautaota. Nyayo huweza kunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta ngumu, tangu wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Moyo na uti wa mgongo bado vilihitaji kutazamwa, lakini daktari bingwa, ambaye hufika kliniki hapo mara moja tu kwa mwezi, alikuwa amekuja jana na kuondoka. Mkunga alipiga simu tatu ndipo daktari akakubali kumwona mama hospitalini kwake wiki iliyofuata.

Kisha akamgeukia Karani. "Binti, najua ulimwonea huruma mama yako. Lakini habari hii ni yake na ya mtoto wake. Ukimficha mtu ukweli, humwondolei machozi. Unamnyima tu muda wa kujiandaa."

Nje, kwenye benchi, mama alilia kwa muda mrefu. Karani alitaka kumwambia anyamaze, akajizuia, akamshika mkono tu. Hatimaye mama alijifuta uso, akamkabidhi karatasi.

"Nisomee tena, mwanangu. Polepole, na usiruke hata neno."

Karani akasoma.