Mpango wa Wawili

Nauza betri za magari Nakawa, na mteja akiniuliza kama betri yake imekufa, namwambia imekufa. Simzungushi. Shule niliacha darasa la tano. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa karatasi za dhamana zinazokuja na betri, mstari kwa mstari, mpaka nikawa nabishana na mawakala na kuwashinda. Kwa hiyo haya yaliyompata dada yangu Rukiah nayasema kama yalivyokuwa. Asiyetaka kuamini, sina ugomvi naye.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kawaida kabisa. Niliuza betri mbili asubuhi, nikafunga kibanda mapema, nikanunua samaki, nikaenda Nateete kumjulia hali. Rukiah alikuwa edani. Mumewe Swaib, dereva wa lori, alikuwa amefariki mwezi na nusu kabla, ugonjwa wa figo, tukamzika kwao Bombo. Na kwetu Wanubi mjane akikaa eda anakaa kweli: nguo nyeupe, ndani ya nyumba, miezi minne na siku kumi. Nilimkuta sebuleni anasuka kifuniko cha sinia, rangi ya zambarau na manjano.

"Karibu, kaka," akasema bila kuinua macho. "Wewe unajua mikataba. Nisomee hii. Nataka kuirudisha."

Ilikuwa karatasi ya kampuni ya simu. Jumatatu ya wiki iliyopita mwuzaji mmoja anaitwa Oola alipiga hodi na begi lake, akamuuzia kitu kinaitwa Mpango wa Wawili. Simu mpya mbili, laini mbili, na hao wawili wanaongea bure miezi ishirini na nne. Mtu wa kwanza aliandikwa Rukiah. Kwa mtu wa pili, dada yangu alitoa namba ya Swaib.

Damu ilinipanda kichwani. "Mtu tumemzika, wewe unamnunulia simu?"

"Laini ikinyamaza sana wanampa mtu mwingine," akasema. "Sikutaka nipige siku moja nisikie mgeni. Nilitaka nikipiga iite tu. Hata isipopokelewa."

Mtu utamgombeza vipi baada ya hapo. Nikavaa miwani, nikasoma. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya sisimizi, lakini nilikifikia kifungu cha tisa.

"Umepona," nikamwambia. "Una siku kumi tangu kusaini. Ndani ya hizo unarudisha, na hawana ruhusa ya kukuuliza sababu. Simu zote mbili zirudi, na pande zote mbili zikubali. Basi."

"Leo ni siku ya ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Ya tisa."

Akaacha kusuka. Mimi nikaendelea kusoma, nikaona kitu cha kunikera. Pameandikwa kwamba mpango hauanzi mpaka mtu wa pili athibitishe kwa simu, kwa mdomo wake. Chini yake muhuri: upande wa pili umekubali.

Nikampigia Oola hapo hapo. "Wewe Oola, nani alikubali kwa ajili ya marehemu? Usinidanganye, nitakuja mpaka kwenu."

"Marehemu gani, hajji?" Alishangaa kweli, nilimsikia. "Mimi nilipiga ile namba, mwanamume akapokea. Mtu mpole sana. Akasema ndiyo, nakubali. Tena akaniuliza mke wake ana hali gani."

"Alikuwa wapi?"

"Hakusema. Ila palikuwa kimya, hajji. Sijawahi kusikia kimya kama kile kwenye simu."

Nikakata. Boksi la simu ya pili lilikuwa juu ya kabati. Utepe wa kampuni ulikuwa haujakatwa. Laini ya Swaib ilikuwa humo ndani.

Rukiah akaigeuza karatasi, akanionyesha mgongo wake. Alikuwa ameandika kwa penseli, jina chini ya jina. Bombo. Matugga. Kawempe. Bwaise. Wandegeya. Mengo.

"Ni nini hii?"

Akanong'ona. "Anapiga kila siku baada ya alasiri. Saa yake ile ile ya zamani, akiwa safarini. Ananiambia amefika wapi. Halafu anakata."

Nilitaka kucheka. Mdomo ulikataa. Nikasikia adhana ya alasiri, nikaswali pale pale sebuleni, na sikuwa nimekunja msala vizuri simu ya dada yangu ikaita. Akaiweka sauti kubwa, ili nisikie na mimi.

"Rukiah." Ilikuwa sauti ya Swaib. Ile ile, na kile kikohozi chake kidogo mbele ya maneno. "Nimefika Lubaga. Nimechoka kidogo. Kesho uweke chai."

Baada ya Lubaga ni Nateete. Hakuna kituo kingine katikati.

Nililala pale pale kwake. Jumatano niliamka na hasira, na hasira ilinisaidia, maana bila hiyo nisingetoka. Rukiah akaandika barua kwamba mimi Huzaifa, kaka yake, namrudishia mkataba. Nikachukua cheti cha kifo, boksi lenye utepe, na ile simu yake. Zote zilipaswa kurudi.

"Funga komeo," nikamwambia. "Usimfungulie mtu mpaka nirudi."

Ofisi yao ipo Nakawa, si mbali na kibanda changu. Nilifika saa nne asubuhi. Dirishani alikaa mama mmoja Mkongo, kibao chake kimeandikwa Victoire.

"Papa, mtandao umelala," akasema.

"Uamsheni."

"Ungekuwa unaamka kwa makelele, papa, ungeamka ulipoingia wewe."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamsomea kifungu cha tisa, kwa sauti, chote. Nikamwambia hakisemi siku kumi kama mtandao ukipenda, kinasema siku kumi.

"Unakisoma vizuri kuliko bosi wangu," akasema. "Keti. Mtandao ukirudi, wewe ndiye wa kwanza."

Nikaketi. Saa sita ikapita. Saa nane. Nilitoka kuswali adhuhuri, nikarudi kukaa na boksi magotini. Mara mbili nilidhani linatetemeka. Nikajiambia ni malori ya nje.

Mtandao ulirudi saa kumi kasoro. Victoire akaniita. Akaandika namba ya Rukiah, akaipokea barua, akagonga muhuri.

"Mama huyu ametoka. Upande wa pili yuko wapi?"

"Kaburini. Cheti hiki hapa."

Akakisoma. Akaangalia kompyuta yake. Akakisoma tena.

"Papa," akasema polepole, "laini hii imeongea jana. Na juzi. Mashine hainiruhusu kumfuta mtu anayeongea. Lazima akubali yeye. Na saa kumi na moja siku yenu ya kumi imekwisha."

"Mkataba na maiti si mkataba, mama. Hata mtoto anajua."

"Mimi najua. Mashine haijui."

Adhana ikasikika kwa mbali. Simu ya Rukiah ikaanza kuita ndani ya mfuko wangu.

Watu wote waliokuwa nyuma yangu waliendelea na mambo yao. Mtu mmoja alikuwa anakula karanga. Nikapokea.

"Nimefika," Swaib akasema. "Niko mlangoni."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Simu ya dada yangu, simu pekee aliyokuwa nayo, ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimevuka mji mzima nayo. Nateete kule, yeye peke yake. Sikuwa na njia ya kumwambia neno.

Ndani ya simu nikasikia mlango ukigongwa. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Kisha, kwa mbali, nyuma ya mlango, sauti ya Rukiah.

"Kaka? Ni wewe?"

Victoire alikuwa ameisikia. Uso wake ulibadilika rangi. Akaniinamia dirishani, akanong'ona, "Mwambie akubali."

"Swaib," nikasema. "Ni Huzaifa. Muache dada yangu."

Kikohozi.

"Huzaifa. Huku nilipo hakuna wa kuongea naye."

"Hayo yako na Mungu wako. Muache."

"Hakuna, Huzaifa. Hata mmoja."

Nikasikia komeo. Nalijua komeo lile, nililipigilia mlangoni mimi mwenyewe, linakwaruza likivutwa. Lilikuwa linakwaruza.

Sikufikiri. Mimi ni mtu wa hasira, maneno hutangulia.

"Ongea na mimi," nikamwambia. "Yeye muache. Ongea na mimi."

Komeo likasimama.

Kimya. Oola alisema kweli kuhusu kimya kile. Ulisikia mpaka ukosefu wa upepo.

"Haya," Swaib akasema. "Nakubali."

Akakata. Victoire akageuza kioo cha kompyuta ili nione. Mpango umevunjwa, pande zote mbili zimekubali. Saa kumi na dakika kumi na sita. Akachapisha karatasi, akagonga muhuri bila kuangalia, ukakaa upande. Akachukua boksi la pili akakata utepe, maana ni lazima wakague bidhaa. Simu ilikuwa mpya, na nailoni yake usoni. Hakuna aliyewahi kuiwasha.

Akaiachia ghafla, akafuta kiganja kwenye sketi.

"Ni ya moto," akanong'ona. "Kama imeongea mchana kutwa. Nenda, papa. Nenda kwa dada yako sasa hivi."

Nilipanda bodaboda, jamu yote ya Jinja Road tukaipita kwa kando. Nilipofika niliita jina lake kabla sijagusa mlango. Akafungua. Komeo lilikuwa limeshavutwa nusu.

"Mlango uligongwa, nikauliza kama ni wewe," akaniambia. "Hukujibu. Nikaanza kufungua. Halafu nikasikia mtu anaongea hapo nje, sauti ya chini, kama anaongea kwenye simu. Akasema haya, nakubali. Nyayo zikaondoka." Alikuwa analia, lakini kilio cha mtu aliyepata nafuu. "Kaka, alisema kwa furaha."

Rukiah amemaliza eda yake salama. Ana kisimu cha vitufe, vifuniko vyake anauza mpaka Kyambogo, na ile namba sasa anayo mgeni fulani wa Mukono ambaye hana habari. Nilimpigia kuhakikisha. Dada yangu yuko huru, na karatasi yenye muhuri uliokaa upande ninayo kibandani.

Mimi ndiye ambaye sijui nisome wapi. Nimesoma mikataba mingi, na najua mkataba wa karatasi unaweza kukupa siku kumi za kujuta. Nilichompa Swaib nilikitoa kwa mdomo. Hakina kifungu cha tisa. Nilisema, akakubali, na mimi neno langu sijawahi kulirudisha kwa mtu yeyote.

Concy, anayeuza chai jirani na kibanda changu, ndiye aliyeniuliza kwanza. "Hajji, kila siku baada ya kuswali unasimama nyuma ya kibanda na simu sikioni. Nusu saa. Husemi kitu, unaitikia kwa kichwa tu. Ni mke wa pili?"

Nilimwambia aache upuuzi. Nikaangalia simu yangu. Hakuna simu iliyoingia saa ile. Hakuna iliyotoka. Mimi nakumbuka naswali, nakumbuka nakunja msala, na kinachofuata ninachokumbuka ni mteja anaita jina langu na jua limeshuka.

Jana niliona sikio la kulia linasikia kwa mbali, kama nimezama kwenye maji. Jioni nikatawadha kwa ajili ya magharibi. Nilipofika kupangusa masikio, kidole kikagusa kitu laini. Nikakivuta taratibu. Ilikuwa pamba. Nyeupe, mbichi kidogo, inanuka kafuri.

Swaib nilimwosha mimi. Pamba za masikio niliziweka kwa mkono wangu kabla ya sanda, na najua namna ninavyoviringisha.

Sikio la kushoto sijaligusa.