Mfuko wa Kulia wa Firmin

Nilimdharau Firmin kabla ya haya yote, na ninamdharau hadi leo. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani uoga umenilainisha.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba Berea, hapa Johannesburg, ghorofa ya nne. Firmin, mtu wa Lubumbashi, alipanga upande wa pili wa korido. Alikuwa mlinzi wa duka la simu. Tangu mwaka ulipoanza alikuwa na bastola, kidude kisichozidi kipande cha sabuni. Anakitia kwenye ala ya ngozi, ala anaitia mfuko wa kulia wa suruali. Ukimsalimia, anapapasa paja. Ukimuuliza saa, anapapasa paja. Mwanaume mzima! Na ala ile ilikuwa ikimtoboa mifuko, kwa hiyo mimi ndiye niliyeishona upya, kwa kitambaa cha jinzi.

Jioni moja ya mwezi wa tatu, 2019, nilikuwa napeleka magauni ya kwaya kwa Clémentine, mteja wangu wa Turffontein. Mafurushi mawili mazito. Firmin akajitolea kunisindikiza.

"Joburg hii, Mama Célestine, mwanamke hatembei bila mtu mwenye kitu," alisema. Akapapasa.

"Kitu," nikamjibu. "Haya, beba na hili furushi."

Alilibeba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, kazini.

Tulishuka teksi kwenye robot, ile taa ya kuongoza magari. Ilikuwa imezima. Zamu ya mtaa ule kukatiwa umeme. Nyumba zote nyeusi, mwanga uliobaki ni wa anga tu, nao unakwisha. Tukafuata ukuta wa uwanja wa mbio za farasi. Firmin akanieleza jinsi mwizi atakavyokufa akijaribu. Risasi ya kwanza hapa, ya pili hapa. Nilimwacha aongee, kama unavyoiacha redio ya jirani.

Halafu akanyamaza.

Nikasikia harufu. Harufu ya nguo zilizoloa zikafungiwa kwenye plastiki siku nyingi... na ndani yake, kitu kama chuma.

"Mama Célestine..."

"Nini tena?"

"Mkono wangu hautoki."

Nilicheka. Cheko la waziwazi, barabarani pale. "Umenasa kwenye uzi, shujaa. Vuta."

"Si uzi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenong'ona kanisani. "Umeshikwa."

Niliweka furushi chini. Mifuko ya wanaume naingiza mkono kila siku, sioni haya. Nikausukuma wangu ndani, kando ya wake. Nikagusa vidole vyake, vya moto, vina jasho. Nikagusa ngozi ya ala.

Halafu nikagusa vidole vingine.

Baridi. Vimeloa. Vimezunguka kiganja cha Firmin, vimekaza.

Nikatulia... Navyo vikatulia. Kisha vikaanza kumwachia, kimoja kimoja, na kile cha kwanza kikapanda juu ya ukucha wangu, kinanipapasa, kama kinauliza huyu ni nani.

Nilichomoa mkono. Mkasi wangu haukai mbali nami; nikaukamata na kupasua suruali yake kutoka kiunoni mpaka pajani, jinzi na yote. Mfuko ukaanguka kwenye lami.

Ti!

Niliupiga teke ukafunguka. Bastola kwenye ala yake. Basi. Hakuna kingine. Lakini mkono wa Firmin ulikuwa na alama, nne upande mmoja, moja upande wa pili, na zilikuwa zinageuka rangi.

"Bastola hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

Akalia. Ndipo akanieleza. Mwezi wa kwanza, nyuma ya duka, alimkuta mtu amelala kando ya mapipa ya taka, amepigwa risasi ubavuni. Hakumjua. Mtu yule alikuwa hai. Alimshika Firmin mfuko wa suruali akamwambia, usiniache. Firmin akaona bastola imechungulia kwenye suruali ya yule bwana, ikiwa na ala yake. Akaichukua. Kisha akambandua vidole, kimoja kimoja, akaondoka.

"Hukuita ambulensi?"

"Wangeniuliza bastola iko wapi."

Nilitema mate karibu na kiatu chake. Bastola tuliiacha pale chini. Magauni yalifika, Clémentine alipomwona Firmin ameshika suruali kwa mikono miwili akadhani tumeibiwa. Nilimwacha adhani.

Siku tatu baadaye, kabla ya kupanda basi la kurudi kwao Lubumbashi, Firmin aligonga mlango wangu na suruali zake zote mkononi. "Zishone mifuko yote, iwe imefungwa," alisema. Nikashona, sikumwangalia usoni. Nilipomaliza hakuondoka. Akavua koti.

"Na hili shati."

"Shati halina mfuko, Firmin."

"Najua."

Kitambaa kilikuwa kimejikusanya ubavuni, mikunjo mitano inayokutana, kama kimeshikwa. Nikadhani ni vile alivyokaa. Nikamwambia anyooke. Akanyooka. Mikunjo ikabaki. Basi nikamvua shati, nikalilaza mezani, nikachukua pasi ya moto, nikapitisha mara mbili, kwa hasira, kama ninayefuta upuuzi wake wote. Likanyooka vizuri. Akalivaa, akafunga vifungo.

Tukasubiri. Sijui kwa nini nilisubiri.

Kitambaa kikaanza kujikusanya. Polepole. Mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu... Mara hii juu zaidi.

Kwenye kola.

"Umeona?" Firmin akanong'ona. "Mama Célestine, umeona?"

"Sijaona kitu," nilimwambia, nikamfungulia mlango.