Sare Aliyonipa Mume Wangu

Nina miaka thelathini na sita, naishi Nkuhungu, Dodoma, peke yangu. Ndugu zangu wote wako Tanga. Huku nilimfuata mume wangu Elia, ofisi yao ilipohamia.

Hatukujaliwa mtoto, na wageni hatukuwa nao. Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunaweka ubao wa sataranji mezani, sahani ya zabibu pembeni, tunacheza. Elia alikuwa hodari tangu chuoni. Mimi alinifundisha yeye, na hakuwahi kuniachia hata mchezo mmoja.

"Nikikuachia nitakuwa nimekudharau," alikuwa akisema. Nilimpenda kwa hilo...

Mwaka jana akabadilika. Akawa mkimya, mpole kupita kiasi. Chakula kikiungua, anakula tu. Mimi nikadhani ndiyo ndoa imetulia.

Jumapili moja alinibana kabisa. Yeye ana malkia na ngome, mimi nimebakiwa na mfalme na askari wawili. Hata mimi niliona: malkia akishuka tu, nimekwisha. Elia akautazama ubao kwa muda, kisha akaninyooshea mkono.

"Tuseme sare, Rehema."

"Sare? Si umeshashinda?"

"Umecheza vizuri. Tuishie hapo."

Nikampa mkono. Nilifurahi, jamani... Nikampigia dada yangu simu, nikamwambia leo nimetoka sare na Elia! Mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anarudisha kete kwenye boksi, hanitazami.

Wiki hiyohiyo akahama. Kumbe Chamwino alikuwa na mwanamke mwingine, tena mjamzito. Nilipomuuliza ile sare ilikuwa ya nini, alinijibu kwa upole uleule.

"Sikutaka nikuache umeshindwa."

Wasomaji wenzangu, angenipiga yangeniuma kiasi hicho?

Sasa nyumba imekuwa kubwa. Jioni upepo unaingiza vumbi, nafagia, nakaa. Kuna siku inaisha sijazungumza na mtu, ila shikamoo kwa mama wa jirani, naye ananiitikia huku anaingia ndani kwa wajukuu zake...

Nawasihi, hasa nyie mlio mbali na kwenu. Mtu aliyezoea kukubishia akianza kukukubalia kila kitu, usishangilie kama mimi. Muulize siku hiyohiyo, chai ikiwa bado ya moto. Jibu litakuuma. Lakini utaumia mkiwa bado mmekaa wawili.